Siku ya 363 Hadi ya 13: Nilivyokwenda Kuoga Mwaka Makunduchi

Siku ya 363

Namba hizi sikutoka nazo nyumbani. Daftari langu lilipoanza lilikuwa na tarehe za Julai kama za watu wote. Nimezikata kwa kalamu baadaye, baada ya kukaa na babu mmoja na kipande chake cha mkaa. Tutafika huko.

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam. Kusi lilikuwa limeshika barabara. Tulipotoka tu nje ya mlango wa bandari wahudumu wakaanza kugawa mifuko, na mama aliyekaa mbele yangu akajifunika mtandio usoni akawa anavuta uradi mpaka Malindi, bandari ya Unguja. Mimi nilikaza macho kwenye mstari wa bahari kama nilivyofundishwa. Haikusaidia. Saa mbili zile zilikuwa kama safari ya Maskati.

Ninakwenda Makunduchi, kusini kabisa ya Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya kuoga mwaka mpya. Mwenzangu wa kazini ana bibi yake huko, na mwezi uliopita aliniambia: "Mimi mwaka huu sipati ruhusa. Nenda wewe, bibi asikae bila mgeni." Nilidhani ni ukarimu wa mdomoni, ule wa karibu-karibu. Kumbe mwenzangu alikuwa ananituma kazi.

Jioni nimepita Darajani kununua sukari, majani ya chai na doti moja ya kanga, maana kwa mtu hakuendwi mkono mtupu. Kanga imenichukua nusu saa kwa sababu ya kusoma maneno. Doti nyingine zina ugomvi ndani yake, na bibi mwenyewe simjui. Kijana muuzaji aliniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia naenda kuoga mwaka.

"Mwaka gani tena?"

Mzee aliyekuwa akipiga naye soga akamjibia: "Mwaka Kogwa. Mambo ya shamba hayo." Kwa mtu wa mjini Unguja, shamba ni kila kitu kilicho nje ya mji, hata kama ni ufuo wa bahari usio na mgomba hata mmoja. Mzee akaendelea, sasa akiniambia mimi: "Sie hapa tuna miaka mitatu. Wa Januari wa mishahara, wa Muharram wa dini, na huo wa shamba wa pepo." Nikamwomba arudie, nikaandika nyuma ya risiti.

Siku ya 364

Daladala namba 310. Mizigo ya juu ilikuwa mingi kuliko abiria wa ndani: magunia ya mchele, feni mpya ndani ya boksi, magodoro mawili, na kuku ambao utingo aliwafunga miguu kwa kamba ya makumbi akawapachika palipokuwa na upepo. Wengi walikuwa watu wa Makunduchi wanaofanya kazi mjini, wanarudi kwao. Gari zima walikuwa wakiulizana swali moja: wewe umekuja na nani?

Dada mmoja mwenye mtoto mapajani aliniuliza mimi mgeni wa nyumba ipi. Nilipomtajia, alicheka. "Bibi yule kila mwaka anatangulia kupata mgeni. Sie kwetu mwaka jana tulikosa, mama akaenda kuazima wa jirani." Akanieleza kwamba nyumba isiyo na mgeni siku ya mwaka inahesabiwa imeanza vibaya. Kwa hiyo mgeni anatafutwa. Ukionekana barabarani hujui unakokwenda, utaingizwa ndani na kulishwa.

Tumepita Tunguu, tumepita msitu wa Jozani, ambako kima punju wawili walivuka barabara kwa matao kama wenye mali yao, na Kitogani tukakata kuelekea kusini. Kuanzia hapo mashamba yanageuka mawe. Watu wanalima kwenye vishimo vya udongo katikati ya matumbawe, na ukiona mmea wa muhogo umesimama juu ya jiwe unajiuliza mizizi imepita wapi. Makunduchi yenyewe inakupokea kwa kitu ambacho hukitarajii, nacho ni majumba ya ghorofa ya zama za Mzee Karume, yamesimama peke yake kama meli zilizopanda mwamba. Nyumba ya bibi iko upande wa pili, karibu na bahari, ya mawe na chokaa, paa la bati, jiko la makuti nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mguu wa heri." Akapokea doti, akasoma maneno kwanza kabla ya kuipapasa, akatikisa kichwa kukubali. Nilishusha pumzi.

Babu nilimwona alasiri. Ni kaka yake bibi, mvuvi mstaafu, jicho moja limeingia mtoto wa jicho. Anaishi chumba cha uani kilichojaa madema mabovu na kamba. Kwenye ukuta wa nje wa chumba hicho, juu ya chokaa, kuna mistari ya mkaa. Mirefu iko mingi, imepangwa safu tatu. Chini yake kuna mifupi minne.

Nilihesabu ile mirefu bila kuulizwa. Ilikuwa 36.

"Kila mmoja ni mwongo," akasema babu. "Mwongo ni siku kumi. Miongo thelathini na sita ikitimia, zinabaki siku tano. Leo ya nne. Kesho kibunzi, siku ya mwisho. Kesho kutwa tunaoga."

Miongo 36 mara siku 10 ni 360, ukitia 5 ni 365. Hesabu ya darasa la tatu, lakini nilisimama pale nikaitazama kwa muda. Maisha yangu yote nimekuwa nikisikia kwamba mwaka wa jua tuliletewa na Wazungu na wa mwezi na Waarabu. Na hapa kuna mzee mwenye kipande cha mkaa ana mwaka wa jua ukutani, hauna Januari wala Februari, hauna mwezi hata mmoja. Nikamuuliza wa nini.

Akanitazama kama niliyeuliza bahari ya nini.

"Mwezi haujui mvua," akasema. "Ramadhani itakuja kaskazi, itakuja masika, itakuja kipupwe, inazunguka. Hiyo ni ya ibada, haikuwekwa kwa kulimia. Ukitaka kujua lini utie mbegu, lini kusi litalegea, lini tanga mbili, pepo hazina mwenyewe, unahesabu kutoka siku ya mwaka."

Nilimwambia simu yangu inanionyesha upepo wa wiki nzima. Akaiomba, akaitazama kwa jicho lake zima, akanirudishia. "Wiki," akasema.

Siku ya 365, kibunzi

Asubuhi nilipanda pikipiki kwenda Kizimkazi Dimbani, si mbali, kuona msikiti. Kwa nje utapita bila kujua, una bati na chokaa kama misikiti mingine. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, yaliyochongwa juu ya jiwe la matumbawe, na mwaka umetajwa: 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Herufi zimesukwa kama ukili, moja inapanda juu ya nyingine, ncha zake zimechanua. Wataalamu wameyafananisha na michoro ya Siraf, bandari ya zamani kwenye ghuba ya Uajemi. Nilisogea mpaka pua ikakaribia jiwe. Aliyechonga alikosea nafasi mahali au alikuwa na haraka, kwa maana upande mmoja herufi zimebanana. Miaka mia tisa na ushei, na bado unaona mkono wa mtu.

Hapo ndipo habari ya asili huanza, na ikianza haimaliziki. Watu wengi wa kusini ya Unguja hujiita Washirazi, yaani wenye asili ya Shirazi, Uajemi. Nairuzi, jina la kitabuni la siku hii, ni neno la Kiajemi, siku mpya. Wairani nao wana Nairuzi yao, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2009. Wao usiku wa Jumatano ya mwisho ya mwaka wanaruka moto, na sisi kesho tunachoma kibanda. Kwa hiyo wapo wanaosema yote haya ni ya Shirazi, yalishuka jahazini kama mazulia. Wapo wanaojibu kwamba Ushirazi ni nasaba ya kujipamba, na kwamba mizimu, mapango na ngoma vilikuwapo kabla ya jahazi lolote.

Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800. Walikuta kwamba wengi wao walikuwa na damu ya Kiafrika, zaidi kwa upande wa kina mama, na damu ya Asia, hasa ya Kiajemi, kwa upande wa kina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Kila upande wa ugomvi ulichukua nusu yake ukaondoka umeshinda. Mimi nadhani mzazi wa kike ndiye aliyepika, akaimba, akamfundisha mtoto kusema, na hii nadhani inaeleza kwa nini siku yenye jina la Kiajemi inasherehekewa kwa nyimbo za Kikae, lahaja ambayo mtu wa Dar es Salaam akiisikia anabaki kutabasamu tu.

Nilirudi adhuhuri nikakuta nyumba imepinduliwa. Kibunzi ni siku ya kutoa. Mikeka yote nje, vyungu nje, sanduku la kanga limefunguliwa lipigwe jua. Bibi alikuwa amechutama jikoni, anazoa majivu kutoka kwenye mafiga kwa kifuu, anayatia kwenye pakacha. Ni majivu ya mwaka mzima kwa kadiri yalivyobaki. Zamani, akasema, moto wa kila nyumba ulizimwa, na wa mwaka mpya ukapekechwa kwa kijiti. Siku hizi hakuna anayepekecha. Lakini kibarazani bibi ana jiko la gesi la mitungi, na niliona kwa macho yangu akilifunga mtungi, akalipanguza, akaliacha limefungwa.

"Na gesi, bibi?"

"Moto ni moto."

Chai ya alasiri tuliikosa.

Jua lilipozama akaniita nje. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. "Haya," akasema, "mwaka umeshaingia." Mimi nilikuwa nikiungojea usiku wa manane, na labda fataki. Nilisahau kwamba kwetu usiku hutangulia mchana wake. Babu alikuwa tayari amefuta ukuta. Chokaa ilibaki na kivuli cha kijivu, na juu yake mstari mmoja mfupi, mweusi.

Siku ya 1

Niliamshwa kabla ya alfajiri na sauti za wanawake njiani. Walikuwa wametoka kusali na wanakwenda bahari. Wanaume wana upande wao, nikafuatana na wajukuu wa bibi na babu akiwa mbele na bakora yake.

Maji yalikuwa yametoka. Mwaka wa jua haungojei bamvua wala maji mafu, unaangukia maji yoyote, na leo uliangukia maji makavu, kwa hiyo ilibidi tutembee mbali juu ya mwamba, gizani, tukikwepa vishimo vya mwani na urumba. Kusi lilikuwa baridi kweli. Kipupwe cha Unguja mtu wa bara anakicheka mpaka avue shati. Tulipofika penye maji ya magotini babu akakaa chini, tu, kama anayekaa kwenye kiti chake. Akajimwagia kichwani kwa kiganja mara kadhaa. Hakusema neno. Wajukuu walipiga mbizi na kelele. Mimi nilijimwagia na meno yakagongana, na simu, ambayo niliiweka mfuko wa shati kwa ajili ya picha ya mawio, ikachupa ikaenda kuoga mwaka nayo. Haijawaka mpaka ninapoandika.

Tulirudi tukanywa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Bibi alifungua gesi. Iliwaka kwa mara ya kwanza kwa sauti ya pwaa, na akasema bismillahi kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Alasiri ndiyo yenyewe. Uwanja wa Kaekuu ulikuwa umejaa, turubai za viongozi upande mmoja, vipaza sauti, wauza barafu, watalii na kamera zao, askari wa kuzuia watu. Nilivunjika moyo kidogo. Nilikuja kutafuta mizizi nikakuta jukwaa. Halafu mapande ya migomba yakaanza kuletwa.

Watu wa kusini ya mji wanapigana na watu wa kaskazini. Silaha ni mgomba uliokatwa vipande, mzito kwa maji yake, unaomwagika utomvu kila ukigonga. Waliotangulia uwanjani ni watu wazima, wenye mvi, wamefunga viuno kwa kanga, na mmoja alivaa kofia ya pikipiki. Niliwahi kusikia ukielezwa kama mchezo. Si mchezo wote. Mwanamume mmoja mfupi alikuwa akimtafuta mtu fulani ndani ya kundi, akiwapita wengine bila kuwagusa, mpaka akampata, na wakapigana wale wawili kwa dakika nzima, mapande yakikatika, wakiokota mengine. Kisha wakasimama, wanahema. Yule mfupi akamfuta mwenzake utomvu begani kwa kiganja. Jirani yangu akaniambia, bila kuulizwa, kwamba hao wana kesi ya mpaka wa shamba. Kinachodaiwa hapa ni hiki: chuki ya mwaka uliopita inaishia uwanjani, na aliyepigwa leo haendi kushtaki kesho. Kama kesi ya mpaka imekwisha sijui, lakini waliondoka pamoja.

Wanawake nao walikuwa wakizunguka uwanja kwa safu, wamevaa vizuri kuliko harusi, wakiimba. Nyimbo zao ni za mafumbo na masimango, na nilishika robo tu. Niliposhika, masikio yaliniwaka moto. Bibi wa miaka sabini na kitu, yule yule aliyenisomea kanga, alikuwa safu ya pili akiitikia kwa nguvu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kibanda cha makuti kilisimamishwa kando, kidogo, cha kuingia watu kwa kuinama. Wazee wenye kazi hiyo waliingia, maneno yakasemwa, na makuti yakawashwa. Makuti makavu hayangoji. Moto ulipanda mara moja, watu wakapiga ukelele, na mtu akachomoka upande wa nyuma mbio kama mshale. Akitoka salama, inaaminiwa hakuna wa kufa kwa moto wa nyumba mwaka mzima. Kisha kila mtu akainua uso kutazama moshi. Unakoelekea ndiko kunakosomwa mwaka utakavyokuwa.

Mimi nilikuwa nimesimama upande mbaya. Moshi wote uliniingia machoni, na wakati wa kuusoma nilikuwa nimeinama napangusa machozi. Nilipouliza umekwenda wapi, kijana wa kulia kwangu alisema kaskazini, mama wa kushoto akasema ulipanda juu kwanza, na mzee wa nyuma akasema nyote hamjui, moshi unasomwa mwanzo wake wala si mwisho wake. Walibishana mpaka kibanda kikawa jivu. Hakuna aliyebishana kama unasomeka.

Usiku tulikula wali wa nazi, mchuzi wa pweza na kuku. Wageni wa nyumba hii tulikuwa wanne. Watatu sikuwahi kujua wametokea wapi, na nadhani bibi pia.

Siku ya 2

Ngoma upande mmoja, muziki wa vipaza sauti upande mwingine, na sikulala vizuri.

Asubuhi mjukuu wa bibi anayesoma chuo cha dini alimwambia, kwa adabu, kwamba mambo ya kibanda na mizimu hayana asili katika dini na bora yaachwe. Nimeyasikia maneno hayo sehemu nyingi za pwani na najua yanakoishia. Bibi alikuwa akipepeta mchele. "Mimi nimesali alfajiri," akasema, "kisha nimekwenda kuoga. Kwani bahari kaiumba nani?" Kijana akasema si kuoga, bibi, ni itikadi. Bibi akasema basi chukua ungo huu, itikadi haipepeti. Kijana akaupokea, akapepeta, na vizuri.

Siku ya 3

Nimekaa na babu kutwa, yeye akisuka dema na mimi nikimshikia fito. Hii ndiyo siku niliyoijia bila kujua.

Kitu kilinisumbua. Ikiwa hii ni Nairuzi, na Nairuzi ya Irani ni Machi, jua linapogawa sawa usiku na mchana, mbona yetu iko Julai? Nikachukua karatasi. Mwaka wa babu ni siku 365 kamili. Mwaka wa jua wenyewe una siku 365 na karibu robo. Kalenda ya ukutani mwako inalipa deni hilo kila miaka minne kwa tarehe 29 Februari. Ya babu hailipi. Kwa hiyo kila miaka minne siku ya mwaka inarudi nyuma siku moja kwenye tarehe za Kizungu. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuandika sana juu ya Kiswahili, aliikuta siku hii mwishoni mwa Agosti. Toka zama zake mpaka zetu imeteleza zaidi ya mwezi mmoja, na hesabu inakubali. Waajemi wenyewe waliifunga ya kwao kwa msumari, katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1079 wakati wa Sultani Malik Shah, na Omar Khayyam akiwa mmoja wa waliofanya hesabu. Ya baharini haikufungwa. Iliendelea kutembea na mabaharia. Nahodha Ahmad bin Majid wa Julfar, katika karne ya 15, aliandika misimu ya kung'oa nanga kutoka bandari hadi bandari kwa kutaja siku ya ngapi ya Nairuzi, vile vile kama babu anavyosema mwongo wa ngapi.

Nilimsomea babu karatasi yangu, nikijiona nimevumbua. Akaendelea kusuka.

"Nilipokuwa kijana mwaka ulikuwa ukiingia Agosti," akasema. "Najua."

"Sasa si hesabu inaharibika? Mvua inabaki pale pale na mwaka unaondoka."

"Toka ujana wangu umeondoka siku ngapi?"

Nilipiga. Miaka sitini, siku kumi na tano.

"Mwongo mmoja na nusu. Baba yangu alinipa miongo yake, mimi nikaisogeza. Mtoto wangu angeisogeza na yeye." Akanyamaza kidogo. "Anafanya kazi hotelini."

Kisha akanifundisha siku za wiki. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja inayozidi. Kwa hiyo mwaka ukiingia Jumatatu, ujao utaingia Jumanne, na unaofuata Jumatano. Mzee asiyejua kusoma anaweza kukwambia mwaka aliooa uliingia siku gani kwa kurudi nyuma vidoleni. Alinijaribu kwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Nilikosea, akapata yeye.

Nilimweleza kwamba Mombasa siku ya mwaka walikuwa wakichinja kwenye kaburi la Shehe Mvita, na Lamu ng'ombe huzungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa. Akasema anajua, alikwenda Mombasa na jahazi la boriti enzi hizo. "Wao wana ng'ombe. Sisi tuna migomba." Nikauliza kipi ndicho cha asili. Akanyoosha fito, akaitazama kama imenyooka.

"Wewe shika hapo, usiachie."

Siku ya 4

Daladala alfajiri, boti adhuhuri. Bibi amenifungia mkate wa ufuta na pweza mkavu ambaye abiria wenzangu wote walimjua kabla ya kumwona. Babu alinionya kwamba kwenda nilisukumwa na kusi, kurudi nitalikabili, na alisema kweli tupu. Mifuko iligawiwa mara mbili.

Kwenye pakacha, chini ya mkate, nilikuta kipande cha mkaa kimezungushiwa karatasi.

Siku ya 13

Ukuta wa chumba changu ni wa mwenye nyumba, kwa hiyo nimeandika nyuma ya mlango. Mstari mmoja mrefu, miwili mifupi. Leo jioni nilipiga simu kumshukuru bibi, simu mpya, akampa babu.

"Leo siku ya ngapi?"

"Mwongo wa pili, siku ya pili," nikajibu haraka, maana nilikuwa natazama mlango. "Ya kumi na mbili."

Nilisikia adhana nyuma yake, kisha na ya mtaani kwangu ikaanza, imechelewa kidogo.

"Jua huko kwenu halijazama?"

Nikachungulia dirishani. Nimefuta 12 juu ya ukurasa huu nikaandika 13, nikaenda kuutafuta mkaa.